Kicheza-muziki alichonipa kaka

Gulu, Jumapili usiku

Umeme umekatika tangu magharibi, na kwa kuwa kesho alfajiri nasafiri kwenda Kampala, nimekaa mezani na taa ya sola nikipanga upya nyimbo katika kicheza-muziki changu kabla betri ya kompyuta haijaisha. Ni kifaa kidogo kisichozidi ukubwa wa kiberiti, chenye kibanio nyuma cha kukishikiza kwenye nguo, kioo kinachoonyesha mistari minne tu ya maandishi, na tundu la kuchomekea visikilizio. Watu wengi wanaokiona mkononi mwangu hukiita MP3, yaani jina la aina ya faili limekuwa jina la chombo chenyewe, nami nimezoea kukiita hivyo.

Alinipa kaka yangu mwaka 2011 aliporudi kutoka Iraki, alikokuwa akifanya kazi ya ulinzi kama walivyofanya Waganda wengi wa miaka ile. Alikuwa amekinunua huko baada ya mshahara wa pili, na kwa miaka miwili alilala nacho kila alipotoka zamu. Siku aliyonikabidhi alisema tu, "Dada, chukua, mimi sasa nina simu." Nilitarajia kukikuta kitupu, lakini ndani mlikuwa na folda mbili alizoziandika kwa mkono wake: moja inaitwa Zamu, nyingine inaitwa Nyumbani. Katika Zamu mlikuwa na lingala ya mwendo wa kasi, ya kumfukuzia mtu usingizi. Katika Nyumbani mlikuwa na taarabu ambayo mama alikuwa akiipiga kwenye redio kaseti katika nyumba yetu ya kambi ya jeshi Jinja, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi watoto wa makabila yote, na baada ya taarabu hiyo kulikuwa na nyimbo kumi na moja za kadongo kamu kwa Kiganda.

Hizo kumi na moja zilinishangaza. Tulipokuwa wadogo, kaka alikuwa wa kwanza kuondoka sebuleni mtu mzima alipoweka kadongo kamu, akisema ni gitaa moja na masikitiko mengi. Kumbe huko mbali alizitafuta mwenyewe, wimbo mmoja baada ya mwingine, akaziweka mahali pamoja na taarabu ya mama. Barua pepe zake za miaka ile zilikuwa fupi, zote zikisema kwamba ni mzima na kwamba pesa zimetumwa. Mpangilio wa folda ile ulinieleza mengi ambayo yeye hakuyaandika, na ndiyo sababu sijafuta hata wimbo mmoja ndani yake, ingawa nafasi ni gigabaiti 4 tu na kila mara nahitaji kuibana.

Nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyonifundisha kuchagua. Faili ya MP3 ya kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa kila dakika ya muziki, kwa hiyo mtu anaweza kutia nyimbo elfu moja za dakika nne nne katika kifaa kama changu. Mimi sitii elfu moja. Nachukua kilobiti 192 pale ninapoweza, nikipata nyimbo mia sita hivi, na sababu yake ni lukeme.

Hapa Acholi, kaskazini mwa Uganda, lukeme ni chombo cha vibanzi vya chuma vilivyofungwa juu ya kisanduku cha mbao, na mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Juu ya vibanzi huvishwa vipete vidogo vya chuma ambavyo huvuma kila noti inapopigwa. Mgeni anaweza kudhani kwamba mvumo huo ni kasoro ya chombo, lakini wapigaji huutaka, na lukeme isiyovuma huonekana imepoa. Miaka michache iliyopita nilinunua nyimbo za lukeme kwenye kibanda kimoja, ambako kijana mwenye kompyuta hukuwekea nyimbo kwa shilingi mia mbili mbili. Nilipofika nyumbani nikavaa visikilizio, nikasikia noti bila mvumo. Mahali pa mvumo palikuwa na sauti kama maji yanayochirizika juu ya bati. Nilifikiri kifaa changu kimeharibika.

Hakikuwa kimeharibika. MP3, ambayo wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani waliiendeleza pamoja na wenzao katika miaka ya 1980 na 1990, hutegemea jinsi sikio la binadamu linavyofanya kazi: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, kwa hiyo kile ambacho sikio lisingekipata huachwa ili faili iwe nyepesi. Muziki wa CD hubeba kilobiti 1,411 kwa kila sekunde. Kwa kilobiti 128 unabaki na sehemu moja tu kati ya kumi na moja, na bado msikilizaji wa kawaida huridhika. Lakini faili ikishapunguzwa mara moja, kisha mtu mwingine akaipunguza tena ili aijaze kwenye kadi ndogo, kinachokatwa sasa ni muziki wenyewe, na vitu vya kwanza kuumia ni vile vyembamba na vya haraka: matoazi, kayamba, makofi ya wachezaji, na ule mvumo wa vipete. Tangu siku ile sinunui wimbo kabla ya kuusikiliza kwa visikilizio vyangu mwenyewe palepale kibandani, na kijana wa kibanda amenizoea, hanikasirikii tena.

Jambo jingine lililonichukulia jioni nyingi ni majina. Nyimbo za vibandani huja na namba ya simu ya mwenye kibanda mahali palipopaswa kuwa na jina la mwimbaji, na kwa kuwa kifaa hiki hupanga nyimbo kwa kusoma maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, si kwa jina linaloonekana kwenye kompyuta, nilikuwa na waimbaji ishirini ambao wote ni namba za simu. Nimeyaandika upya maelezo hayo, faili moja moja, kwa programu ya bure. Nafanya hivyo kwa moyo wote. Mtu aliyetunga wimbo na kuuimba anastahili angalau jina lake lisomeke kwenye kioo cha mistari minne wakati sauti yake inaingia masikioni mwangu.

Mwaka 2019 nilijaribu kuongeza nafasi kwa kadi ya memori, kwa sababu kifaa kina tundu lake ubavuni. Duka nililokwenda liliniuzia kadi iliyoandikwa gigabaiti 32, na kompyuta nayo ikasema 32. Nilijaza nyimbo kwa wiki mbili. Kisha zile za mwanzo zikaanza kunyamaza katikati, moja baada ya nyingine, hadi folda nzima ya kwaya za vijijini, ambazo nyingine sikuwa na nakala yake, ikapotea. Fundi alinieleza kwamba kadi za namna hiyo huwa na nafasi ndogo sana ndani yake, ila zimerekebishwa zidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wao. Nafasi ya kweli ikijaa, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani au haiandikwi kabisa. Dawa yake ni kuijaza kadi mpya siku ileile ya kununua, kisha kufungua faili za kwanza na za mwisho ili kuona kama zote ni nzima. Kwaya zile zinaniuma hadi leo.

Wenzangu shuleni huniuliza kwa nini nabeba kitu hiki wakati simu yangu inapiga muziki. Jibu langu naliona vizuri zaidi nikiwa safarini. Kutoka Gulu hadi Kampala ni kilomita mia tatu na zaidi, na basi lina muziki wake, mahubiri yake na simu za abiria. Simu yangu ikiwa ndiyo ninayosikilizia, kila wimbo hukatwa na ujumbe wa mzazi wa mwanafunzi, salio la bando linaloisha, au picha ya arusi ya mtu nisiyemjua katika kundi la WhatsApp. Kicheza-muziki hakina mlango wa kuingilia mtu. Kwa kuwa vitufe vyake ni vidogo na kutafuta wimbo ni kazi, mimi huacha folda icheze kwa mpangilio wake tangu Karuma, ambako nyani hukaa kando ya barabara kungoja mabaki ya chakula, hadi Migyera, ambako wachuuzi hukimbilia madirishani na mishikaki. Nyimbo za lingala za kizamani huanza polepole, mwimbaji akibembeleza kwa dakika nne au tano kabla magitaa hayajafunguka katika sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Kwenye simu nilikuwa nikiruka mwanzo huo. Kwenye kifaa hiki nimejifunza kuungoja, na sebene inapofika baada ya subira hiyo, mwili wote hupokea.

Basi lina kelele, na zamani nilikuwa nikiongeza sauti hadi masikio yakalia usiku. Siku hizi navaa visikilizio vya mpira vinavyoziba tundu la sikio, nami naweza kusikiliza kwa sauti ya chini.

Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, jirani yangu aliyezoea kusikiliza kila kitu mtandaoni alikuja jioni akaniomba nimwazime. Tuliishia kukaa barazani, sikio lake na sikio langu, kila mmoja na upande wake wa waya. Na Mei 2022, Apple ilipotangaza kwamba inaacha kutengeneza iPod, iliyoanza kuuzwa mwaka 2001, mwalimu mwenzangu aliniletea habari hiyo kwenye simu kwa uso wa kunipa pole, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba. Nilimshukuru. Changu si iPod, lakini nilielewa kwamba vipuri vitazidi kuwa adimu.

Na kweli mwaka jana betri ilivimba hadi ikainua kioo. Nilipeleka kifaa kwa fundi wa simu hapa mjini, nikamsihi asilazimishe kukifungua kwa bisibisi kwa sababu betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa inaweza kuwaka. Alinijibu, "Mwalimu, tulia." Alikiachanisha kwa kipande chembamba cha plastiki, akapima betri ya zamani kwa rula, akatafuta katika kopo la betri za visikilizio visivyo na waya hadi akapata iliyolingana, akaunga nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, kwa risasi. Shilingi elfu ishirini. Sasa kinacheza saa tisa bila kuchajiwa, muda unaotosha safari yangu na kungoja teksi juu yake.

Kaka atanipokea kesho kituoni. Wiki iliyopita aliniuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, kama zile nyimbo zake bado zipo. Nilimwambia zote zipo, Zamu na Nyumbani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nisisahau kuja na waya wa visikilizio wenye pande mbili.