Nilivyoziba njia Venice

Kila aliyeniuliza "Venice palikuwaje?" nimemjibu "pazuri mno", kisha nikageuza maneno. Na ni pazuri kweli, mji ule wa Italia wenye mifereji badala ya barabara, sisemi uongo. Ila nilirudi na kinyongo ambacho sijamwambia mtu, na leo mvua imenifungia ndani hapa Mkunazini, Unguja, tangu alfajiri, basi acha niseme.

Safari ya mwenye pasipoti kama yetu huanzia kwenye hesabu. Nilipoomba viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, Aprili 2024, ada ilikuwa euro 80 (Juni ikapanda, ikawa 90), na ukinyimwa hairudi. Juu yake taarifa ya benki, bima, barua ya kazini, barua ya mwenyeji. Mwenyeji wangu alikuwa mdogo wangu anayesoma Bologna. Tukapanga Jumamosi moja ya Juni twende na kurudi, maana kwa treni ni kama saa moja na nusu tu, na kulala Venice hatukuwa na ubavu huo.

Kumbe mwaka ule ndio walianza kutoza kiingilio. Naam, kiingilio cha mji. Kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, kwa siku 29 walizozichagua wenyewe, mgeni wa kutwa alitakiwa alipe euro 5 mtandaoni na kutembea na risiti kwenye simu. Jumamosi yetu ilikuwemo. Mdogo wangu alinung'unika njia nzima, "mji si jumba la makumbusho, dada." Mimi nilinyamaza. Na tangu Oktoba ya mwaka huo huo, Zanzibar ilipoanza kumtaka kila mgeni wa nje akate bima ya dola 44, ndiyo sina mdomo kabisa.

Ukitoka stesheni ya Santa Lucia unashuka ngazi pana, na Mfereji Mkuu huu hapa miguuni pako. Maji ya kijani, boti zinapishana, kuba la kanisa ng'ambo linang'aa. Dakika ya kwanza nilisahau benki na barua zote. Dakika ya pili nikagongwa kisigino na sanduku la magurudumu. Hiyo ndiyo sauti ya Venice ninayoikumbuka kuliko kengele: magurudumu ya masanduku juu ya mawe, ka-ka-ka-ka, daraja baada ya daraja.

Tiketi moja ya boti ya abiria, vaporetto, ilikuwa euro 9.50. Tukasema miguu tumepewa bure. Mimi mtoto wa vichochoro, nimekulia Mji Mkongwe, nani atanipoteza? Na kweli sikupotea, kwa sababu nafasi ya kupotea haikuwepo. Ukishaingia kwenye njia ya kwenda Rialto, kwenye lile daraja maarufu, unabebwa na watu kama mtumbwi kwenye mkondo. Ukutani vibao vya njano vinakuelekeza, lakini huvihitaji, we fuata kisogo cha aliye mbele yako. Dirisha la kwanza vinyago vya kuvaa usoni, la pili vinyago, la tatu sumaku za friji, la nne vinyago tena. Nilitafuta duka la mtu wa kawaida, la kununua sindano au kilo ya vitunguu, sikuliona mpaka tulipojitenga na mkondo ule.

Kwenye daraja dogo, jina lake sikulishika, nilisimama katikati nipige picha. Mwanga ulikuwa mzuri, kuna nguo zilizoanikwa baina ya nyumba mbili, na chini gondola, ile boti yao nyembamba ya kasia, inapita. Nyuma yangu mtu akasema, "Permesso", yaani naomba njia. Sikugeuka. "Permesso." Nikasogea kidogo, jicho bado kwenye simu. Mara ya tatu haikuwa ombi tena. Nilipogeuka nilimkuta bi mzee mfupi, nywele nyeupe, anavuta kile kigari cha sokoni cha magurudumu mawili, limetokeza jani la figili. Hakunifokea. Alinitazama tu.

Ule mtazamo naujua. Mama yangu anao. Ndio anaomtazama nao mzungu aliyesimama mbele ya mlango wetu akipiga picha njumu za shaba za mlango, na yeye mama anatoka Darajani na kikapu cha samaki, jua la saa saba, anasubiri apite aingie kwake. Mama huwa anasema "hodi" kwa sauti kavu, kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Miaka yote nimekuwa upande wa kikapu. Siku ile nilikuwa upande wa kamera, na nilichoweza kusema ni "sorry, sorry", kwa lugha ambayo si yangu wala si yake.

Karibu na Rialto kuna duka la dawa lenye kibao cha namba dirishani. Kimewekwa tangu 2008, kinaonyesha idadi ya wakazi waliobaki kwenye mji wa zamani. Mwaka 1951 walikuwa kama 175,000. Mwaka 2022 wameteremka chini ya 50,000, na sisi tulipopita kilikuwa kinazidi kuteremka. Watu walikuwa wanakipiga picha. Mdogo wangu naye akakipiga. Mimi mkono haukuinuka.

Mchana njaa ikatushika. Tulishaona bei za mikahawa, na kwamba kukaa tu kitini kuna malipo yake, coperto, kwa kila kichwa kabla hujala tonge. Bahati tulibeba chapati na mayai ya kuchemsha kutoka Bologna. Tukaketi kwenye ngazi za uwanja wa San Marco, nikafungua karatasi ya jaribosi. Sijamenya yai la pili, kaja kijana mwenye fulana ya kazi, kwa adabu kabisa: hapa hapakaliwi, hapaliwi, kuna faini. Tukainuka. Tukala tumesimama uchochoroni, tumeupa ukuta mgongo, na hapo ndipo ndege wa baharini, mkubwa kama kuku, alipomshukia mdogo wangu akaondoka na nusu ya chapati. Tulicheka mpaka machozi. Nikiulizwa raha ya siku ile ilikuwa wapi, ni pale.

Gondola tuliziangalia tu. Bei ya serikali ilikuwa euro 90 kwa nusu saa ya mchana, karibu laki mbili na nusu za kwetu, na zilikuwa zimepanga foleni mferejini kama daladala kituoni, mpiga kasia mmoja anazungumza na simu.

Kabla ya treni ya jioni nikataka zawadi ya mama. Nilijua ninachokitaka: ushanga. Karne ya 19 ushanga wa Venice ulikuwa ukishushwa Zanzibar kwa magunia, ukapanda na misafara kwenda bara kununulia pembe na chakula. Viwanda vyao vya kioo viko kisiwa cha Murano tangu 1291, walipohamishiwa huko kwa kuogopa moto. Nikaona inapendeza, ushanga urudi Unguja tena kwa mkono wangu. Dukani nikachagua bangili ya shanga nyekundu, euro 12, muuzaji akasema "Murano, Murano", akaifunga kwenye mfuko mdogo wa kitambaa.

Ndani ya treni nikaitoa kuiangalia. Upande wa ndani, penye kifungio, palikuwa na stika ndogo kama ukucha wa mtoto: imetengenezwa China. Mdogo wangu aliisoma, akanitazama, akageukia dirishani mabega yakimcheza.

Niliibandua kwa ukucha kabla ya kufika Bologna. Gundi ilibaki, nikaisugua na mafuta ya nazi usiku ule. Mama anaivaa Idi na Ijumaa, na akija mgeni huinua mkono amwonyeshe: "Hii mwanangu kaniletea kutoka Venice, kule kulikokuwa kukitoka shanga za zamani." Mgeni husema mashallah. Mimi huenda jikoni kutazama chai.