Kukaa miaka mingi sio uraia, tuelewane

Huku Mtwara hii stori haiishi. Mtu kavuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji zamani hizo, kaoa Tandahimba, ana mikorosho yake, msibani yupo, kwenye bao yupo, Kimakonde chake kimezidi hata cha kwetu, halafu siku ya kuandikisha kitambulisho cha taifa cha NIDA anaulizwa uraia wako wa wapi. Basi hapo makelele, mimi nimekaa hapa toka ujana wangu bwana! Sawa baba umekaa, ila ulikaa kwa kibali gani?

Sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 haina ushemeji. Mtu mzima anayeomba uraia wa tajnisi, yaani mgeni kuomba kuwa raia, anatakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kupeleka maombi, halafu ukirudi nyuma ya hiyo miezi, ndani ya miaka 10, awe na jumla ya miaka isiyopungua 7. Hiyo 7 unaunganisha vipande vipande, kwa hiyo kama uliwahi kwenda Mueda kule Msumbiji kuuguza mzazi ukakaa msimu mzima ukarudi, bado hesabu inaweza kutimia. Miezi 12 ya mwisho ndo haina mchezo.

Sasa shemeji yangu mmoja alinimwagia makaratasi yake mkekani tuyapange. Pasipoti ya Msumbiji ina mihuri ya mpakani Kilambo mpaka kurasa zinakaribia kuisha, kibali cha ukaazi cha kwanza kipo, cha pili kipo, ila katikati kuna pengo, cha kwanza kimeisha na hiki kingine kimekuja kuanza baadae sana. Akanitolea risiti za korosho za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, eti si unaona nilikuwepo. Ndio ulikuwepo shem, ila risiti ya korosho haisemi kama ulikuwepo kihalali, na Uhamiaji watakachouliza ni hilo pengo.

Na kuna jambo linanikera kusema ukweli. Mwanamke wa nje akiolewa na Mtanzania ana njia yake ya kuomba kupitia ndoa, ila mwanaume aliyeoa dada zetu anapita njia ileile ndefu ya tajnisi kama mtu aliyekuja jana. Mwisho wa yote anayeamua ni Waziri, na akikataa halazimiki kukuambia kwanini.

Wengine wanasema mbona Wamakonde wa Kenya walipewa? Wale ni wa Kwale, walitembea kwa miguu kwenda Nairobi 2016, hawakuwa na uraia wa nchi yoyote, na ile ni sheria ya Kenya. Shem ana pasipoti ya kwao mkononi, kesi tofauti kabisa.

Hiyo pasipoti ndo inayomnyima usingizi sasa hivi kuliko hata lile pengo, maana uraia pacha hapa hamna, akipewa wa huku wa kule inabidi aukane, na mama yake yuko Mueda anamtegemea. Kaamua ashughulikie kibali kwanza.