Kuhesabu plastiki ya Malindi na Tanga kwa fomu moja: uzoefu wangu

Plastiki inayotupwa na maji kwenye ufuo wa Malindi haina kwao kumoja. Ipo iliyoshuka na Mto Sabaki, ipo iliyopanda na mkondo kutoka pwani ya Tanzania, ipo iliyovuka Bahari ya Hindi, na ipo iliyotupwa kutoka melini. Kila moja ina mtu wake wa kuambiwa. Ndiyo maana tulikubaliana na wenzetu wa Tanga tuhesabu kwa fomu moja, siku zilezile.

Tunahesabu mara mbili kwa mwaka. Kaskazi ikianza kuvuma baada ya mvua za vuli, maji mekundu ya Sabaki husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi, na taka za mto huja nayo. Wakati wa kusi maji hayo huelekea Mambrui na Ngomeni, kwa hiyo Julai na Agosti tunaona zaidi za baharini.

Tunapima mita 100 kwa kamba ya manila yenye fundo kila mita 10, kuanzia maji yalipokupwa hadi majani yanapoota. Siku ya kwanza tunasafisha bila kuhesabu, kwa kuwa hizo ni taka za miezi. Kisha siku 10 mfululizo, kila siku maji yakipwa, tunaokota zilizoingia. Watu 6 wanatosha: wanne waokotaji, mmoja wa kutaja, mmoja wa kuandika, tena kwa penseli, maana wino huyeyuka ukilowa. Kilicho chini ya sentimita 2.5 tunakiacha. Chupa na kizibo chake ni kitu kimoja. Ndoo iliyovunjika vipande arobaini papo hapo ni ndoo moja. Ukihesabu vipande, siku hiyo itaonekana ya balaa bure. Mwaga mchanga na maji kabla ya kupima uzito.

Hakikisha pia hakuna anayefagia kipande chenu. Hoteli moja ilikuwa ikisafisha ufuo alfajiri, na hesabu zetu zikawa zinashuka siku tatu kwa wiki. Sasa tunaomba mapema waache hizo mita 100.

Kilichotusumbua zaidi ni lugha yetu wenyewe. Sisi huku mfuko wa plastiki tunauita karatasi au juala. Tuliandika "karatasi" kwenye fomu, na Tanga wakaielewa kuwa karatasi ya kuandikia, wakaiondoa kwenye plastiki. Wao nao wakaandika "rambo", yaani mfuko uleule. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo hesabu ya mifuko ndiyo tuliyoihitaji hasa, na ndiyo iliyoharibika. Fomu ya sasa ina picha na namba: mfuko ni 4, ndara ni 7. Atakayeita kandambili na aite, mradi aandike 7.

Asili ya chupa tunaisoma kwenye msimbo wa mistari (barcode). Unaoanza na 616 ni wa Kenya, 620 Tanzania, 899 Indonesia, 690 hadi 699 China. Namba hizo huonyesha kampuni ilikosajiliwa, si lazima chupa ilikotengenezwa, wala ilikotupwa. Lebo ikiwa imebanduka, geuza chupa usome kitako, kisha kizibo.

Halafu tazama mwili wake. Chupa iliyokaa baharini muda mrefu hubeba viumbe vidogo vya gamba vyenye shina laini, vimeng'ang'ania upande uliokuwa chini ya maji. Ya mto huja na tope jekundu ndani, nje haina kitu. Chupa ya Asia ya mashariki iliyo safi, na tarehe ya kutengenezwa ya miezi miwili tu nyuma, haikuelea kutoka kwao. Muda huo hautoshi kuvuka bahari. Hiyo karibu hakika imetupwa na meli, na kiambatisho cha tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kinakataza meli kutupa plastiki yoyote baharini.

Chupa za namna hiyo tunazifungia gunia lake na kuzipiga picha tatu: kitako, kizibo na tarehe, pamoja na siku na mahali ilipookotwa. Tanga wanafanya hivyohivyo. Picha isiyoonyesha tarehe tunaiondoa, hata chupa iwe mpya vipi.