Usiku kumi na mmoja nikimvizia mbweha

Mwezi wa sita mwaka juzi nilipoteza wanakondoo watano katika muda wa wiki mbili. Shamba letu ni dogo, liko kati ya Gilgil na Ziwa Elementaita, mahali ambapo ukivuka ua tu umeingia kwenye vichaka vya leleshwa. Nilikuwa na majike ishirini na watatu, wengi wao wakizaa wakati huo, na kila asubuhi nilikuwa nakwenda zizini moyo ukinidunda hata kabla sijaanza kuhesabu.

Kila niliyemweleza alisema ni mbweha. Na kweli tulikuwa tukiwasikia wakilia upande wa ziwa giza likishaingia. Jirani mmoja akanishauri nipake nyama dawa ya wadudu niitupe nje ya ua. "Siku mbili tu, utakuwa umewamaliza," akaniambia. Nilikataa palepale. Sumu haichagui: mbweha akifa, tumbusi watamshukia na wao wafe, na tumbusi wanaozaliana kwenye majabali ya Hell's Gate, huko Naivasha, si wengi wa kupoteza. Mbwa wangu nao wangeokota. Isitoshe, uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kitu. Mtu hawezi kuamka tu akaenda kuua mnyama wa porini kwa sababu amekasirika. Basi nikaamua kukesha, nimwone kwa macho yangu na nijue anapita wapi.

Kuna mzee jirani yetu aliyechunga upande huu tangu utotoni. Nilipomweleza, hakuuliza habari za mbweha hata kidogo. Aliuliza, "Mwanakondoo wa jana yuko wapi?" Alikuwa bado pale nyuma ya zizi, ameliwa tumbo. "Leta kisu, kijana wangu. Tumchune."

Akaanza shingoni, taratibu, akivuta ngozi kwa vidole. Chini ya taya palikuwa na vitundu vinne vidogo, na ngozi ilipofunguka nyama iliyozunguka vitundu hivyo ilikuwa nyeusi kwa damu iliyovilia. "Huyu aliumwa akiwa hai," mzee akasema. "Huyo ni mbweha, anashika koo." Kisha akanitaka nimletee na yule niliyemwokota asubuhi hiyohiyo. Huyo alikuwa ametafunwa pajani na sikio limekwisha, lakini chini ya ngozi nyama ilikuwa nyeupe kabisa, hakuna damu popote. Mzee akamgeuza, akamgusa kwato zake, zilikuwa bado laini kama za mtoto aliye tumboni. "Huyu hakutembea hata hatua moja. Alizaliwa amekufa, au baridi ilimmaliza kabla hajasimama. Aliyemla alimkuta hivyo." Nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa nimemhesabia mbweha deni lisilo lake.

Usiku huo nikaanza. Nilifunika tochi kwa karatasi nyekundu ya kufungia zawadi, kwa sababu mwanga mweupe huwafukuza mapema mno, nikajifunga blanketi mbili nikakaa juu ya tangi la maji, upepo ukinipiga usoni ili harufu yangu isiende mbele. Baridi ya Gilgil mwezi wa saba haina huruma. Usiku wa kwanza hadi wa tatu sikuona chochote ila taa za malori kwenye barabara ya Nakuru.

Usiku wa nne, saa tano hivi, macho mawili yakawaka kule kwenye nyasi fupi. Macho ya kondoo hukaa mahali pamoja, lakini haya yalikuwa yanashuka, yanapanda, yanasimama. Mvulana anayenisaidia alikuwa tayari anafungua mbwa. Nikamshika mkono. Nilipotazama kwa darubini niliyoazima nikaona masikio makubwa kuliko uso wenyewe, mnyama ameinamisha kichwa anasikiliza ardhi, kisha analamba mchwa. Alikuwa mbweha masikio. Chakula chake ni mchwa na wadudu. Hana haja na kondoo. Dakika moja zaidi na mbwa wangu wangemrarua bure. Mpaka leo nikikumbuka nashukuru kwamba nilimshika kijana mkono.

Mbweha wenyewe, wale wenye mgongo mweusi, walikuja usiku wa sita, saa tisa. Wawili, dume na jike bila shaka, maana hutembea hivyo. Nilitarajia waende mlangoni. Hawakwenda. Walizunguka moja kwa moja hadi kona ya nyuma, wakaanza kula kitu. Nilingoja hadi walipoondoka ndipo nikashuka na tochi. Walikuwa wakila mazalio, yaani kondo la nyuma. Kila kondoo alipozaa, tulikuwa tunachukua lile zalio na kulitupa kwenye kona hiyo, pamoja na wanakondoo waliokufa. Nilikuwa nimewaandalia meza, hatua kumi kutoka mahali watoto wanapolala, na chini ya waya pale palikuwa na shimo linaloingia kiwiko changu.

Nilikesha usiku tano zaidi kuhakikisha. Kila walipokuja walianzia kona ileile.

Kazi iliyofuata haikuwa ya ajabu ila ilihitaji jasho. Mazalio sasa yanafukiwa shimo la kufika kiunoni, majivu na mawe juu, siku hiyohiyo. Waya wa zizi tuliuchimbia futi moja chini na kuupinda kuelekea nje, kwa kuwa mbweha huanza kuchimba pale pale waya unapogusa ardhi. Nilifunga pia taa mbili za sola zinazowaka na kuzimika, lakini hizi nazihamisha kila baada ya siku chache. Zikikaa mahali pamoja watazizoea. Mbwa wote wakapigwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani mbweha nao huambukizwa, na wanakutana na mbwa pale uani bila mimi kujua.

Lakini lililonisaidia zaidi ya yote ni kumtenga kondoo dume. Zamani alikuwa anakaa na majike mwaka mzima, hivyo kuzaa kulikuwa hakuna mwisho. Sasa namtenga, namwingiza kwa wiki tano tu. Kondoo hubeba mimba miezi mitano, kwa hiyo najua kabisa majuma ya kukesha ni yapi, na majike yote yaliyokaribia yanalala ndani ya kibanda chenye mlango wa mbao. Kukesha wiki tano mtu anaweza. Kukesha mwaka mzima hakuna awezaye.

Msimu uliopita walizaliwa ishirini na sita. Nilipoteza wawili, wote kwa baridi, niliwachuna kuhakikisha. Mbweha bado wanapita, nyayo zao naziona kwenye vumbi kando ya ua, na panya wa shambani wamepungua kwenye mahindi. Kona ya nyuma nimeipanda majani ya ng'ombe. Mvulana wangu ananiomba sasa tumtafute yule mbweha masikio, anataka kumwona tena, na tumekubaliana mwezi ukiwa mdogo tutapanda juu ya tangi.