Uzoefu Wangu: Siku Saba Katika Mto Douro Bila Kugusa Mvinyo

Mwanangu wa kike anayefanya kazi Ureno aliponipigia simu na kusema, "Mama, nimekulipia mapumziko ya siku saba kwenye meli ya Mto Douro, huku Ureno, kwenye mashamba ya mizabibu," nilimshukuru na kumwombea dua, lakini usiku ule sikupata usingizi. Mimi ni Mwislamu wa Ujiji, mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, na meli niliyoijua tangu utotoni ni Liemba, ambayo tuliipanda katika gati la Kigoma tukibanana na magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Sikuona ni vipi mtu kama mimi angepumzika katika safari inayosifiwa kwa mvinyo.

Habari za viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, sitazirefusha, ila nitasema kwamba kiwango cha fidia cha bima ya safari inayotakiwa hakipungui yuro 30,000, na ni vyema kuishughulikia mapema.

Lililonihangaisha zaidi lilikuwa chakula. Mwezi mmoja kabla ya safari mwanangu aliwaandikia wenye meli kwamba sili nguruwe wala mchuzi uliopikwa kwa mvinyo. Hata hivyo, jioni ya kwanza pale mjini Porto nililetewa supu ya mboga za majani, caldo verde, ikiwa na vipande vya soseji ya nguruwe. Mimi na mwanangu tulikwenda pamoja kwa mpishi mkuu tukamweleza kwa upole, naye tangu hapo akanitengea sufuria yangu. Mara nyingi alinipikia bacalhau, samaki mkavu wa chumvi anayerowekwa kwanza ili chumvi ipungue. Kwa sisi tuliokulia kwenye migebuka mikavu, chakula hicho hakikuwa kigeni sana.

Swala haikunisumbua kama nilivyodhani. Meli za Douro hazisafiri usiku, hivyo Alfajiri na Isha nilisali tukiwa tumefunga gatini, na mchana nilitumia ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya swala. Mto ule unatiririka kuelekea magharibi, kwa hiyo ukiupanda, omo ya meli kwa jumla huelekea mashariki, ambako ndiko kibla kwa aliye Ureno. Pale mto ulipopinda nilihakikisha kwa dira.

Kisha niliamua kwamba sitashuka katika kila kituo. Wenzangu walipopanda milima kwenda kuonja mvinyo, mimi nilibaki sitahani nikitazama matuta yaliyojengwa kwa kuta za mawe yasiyounganishwa kwa saruji, ngazi juu ya ngazi hadi kileleni. Eneo hilo liliwekewa mipaka kama eneo la mvinyo mwaka 1756, na mwaka 2001 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Niliwafikiria sana waliobeba mawe yale mgongoni. Nilifikiria pia mabaharia wa mashua za rabelo, waliosafirisha mapipa ya mvinyo kwa kupita kwenye maporomoko. Katika maporomoko ya Valeira alizama Joseph James Forrester, mchoraji wa ramani za mto huo, mwaka 1861. Leo maporomoko hayo yamefunikwa na maji ya mabwawa, na meli hupandishwa kwa kuingizwa katika chumba cha zege kinachofungwa milango na kujazwa maji. Pale Carrapatelo tulinyanyuliwa mita 35 taratibu mno, nami nilikuwa nimeshika tasbihi muda wote.

Siku moja tu nilishuka, karibu na Pinhão, kwa sababu ulikuwa msimu wa mavuno. Niliwaona watu wakikanyaga zabibu kwa miguu, wameshikana mabega, ndani ya birika pana la mawe, na mwenye shamba aliposikia kwamba sinywi alinichumia kishada kutoka mzabibuni. Zabibu zake zilikuwa ndogo, nyeusi, tamu kupita kiasi. Nilimweleza, mwanangu akitafsiri, jinsi sisi wa Kigoma tunavyochemsha na kukamua chikichi, naye aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi.

Katika kurudi, omo ilielekea magharibi, kwa hiyo nilihamishia mkeka wangu tezi. Kila nilipomaliza kutoa salamu nilibaki nimekaa palepale, goti limetulia, nikiyatazama matuta yale yakibaki nyuma yetu.