Hiace yangu ya vitunguu, mkweche ambao siuzi

Niliinunua miaka minne iliyopita kwa jamaa aliyekuwa anapigia abiria hapa Arusha, Hiace ya 97, injini ya dizeli aina ya 3L, gia ipo kwenye usukani. Milioni saba na nusu. Mke wangu aliizunguka mara moja tu akauliza, baba Neema, hivi Noah zimeisha mjini?

Mi shida yangu ilikuwa mzigo. Nilikuwa natoa vitunguu Mang'ola kuleta soko la Kilombero kwa gari za kukodi na faida yote inaishia kwa mwenye gari, nikaona bora nihangaike na mkweche wangu mwenyewe. Nikang'oa siti za nyuma zote, nikapiga bati sakafuni, nikafuta ule mstari wa ruti ubavuni, ila mpaka leo nikipita vituoni watu wananipungia mkono, kuna bibi mmoja Kisongo alivuta mlango akapanda akakaa juu ya gunia na kikapu chake, nikamshusha Mbauda, hela nilikataa.

Wiki ya kwanza niligonga kingo za barabara mpaka nikaona aibu. Unajua kwenye hizi gari unakaa juu ya tairi za mbele, boneti hamna, sasa ukikata kona kama upo kwenye gari ndogo ya saluni tairi la nyuma linapanda juu, inabidi upitilize kwanza ndo ukate. Na injini ipo chini ya makalio, Julai asubuhi Arusha ni raha tupu, ila saa saba mchana Mto wa Mbu unaiva kama ndizi.

Safari ya tatu ndo nilipata somo. Nimepakia magunia kumi na nne tena ya lumbesa, yale ya kujazwa kupita kipimo, tamaa tu, napandisha kutoka Mang'ola kwenda Karatu vumbi hadi kwenye meno, mshale wa temperecha ukapanda mi najipa moyo, kuja kushtuka mvuke unatoka chini ya siti. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kifuniko cha injini na bloku, kwaheri. Nikavutwa na Canter, vitunguu nikaviuza Karatu kwa bei ya huruma.

Mzee mmoja fundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha ndo alinitoa. Alifungua, akachungulia rejeta, akacheka. "Kijana wangu, hii inanyweshwa maji ya mtoni tangu lini?" Ndani ni tope na kutu, kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, haijawahi kuonja, na themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ilishang'olewa na fundi wa huko nyuma akidhani anaiponya, kumbe ndo maana asubuhi ilikuwa inachelewa kupata moto, moshi mweupe na wese inakunywa kama ngamia. Hedi ikapelekwa kwenye mashine ikasawazishwa, tukaweka rejeta nyingine, themostati mpya, kulanti. Wiki mbili na hela ambayo sikuitaja nyumbani.

Toka hapo magunia ni kumi tu, bosi wa shamba aseme atakavyosema. Natoka Mang'ola saa tisa usiku kukiwa na ubaridi, napanda gia ya pili bila haraka, mshale ukisogea nafungua hita ya ndani mpaka mwisho, joto la injini linakuja ndani, jasho linanitoka mimi injini inapoa. Ikizidi napaki, na mfuniko wa rejeta sigusi mpaka upoe kabisa. Ule mteremko wa kuingia Mto wa Mbu nao nashuka na gia ya pili, breki naigusa kidogo kidogo, wanaoshuka na breki tupu utawanusa kabla hujawaona.

Kinachonifanya niipende ni kwamba haina siri. Mwaka jana dizeli iliniishia karibu na Makuyuni, nikapewa lita tano na dereva wa lori, nikapampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka hewa iliyoingia kwenye mipira ya dizeli ikaisha, ikawaka. Mbele yangu kidogo kuna gari mpya kabisa imewasha taa ya injini na imegoma, jamaa wa watu amekaa kivulini anasubiri mtu aje na kompyuta toka mjini. Nilimwachia maji ya kunywa.

Mlango wa pembeni ndo bado unanishinda, haufungi mpaka uupigize mara mbili kwa nguvu kama konda, na mi namshuku yule bibi wa Kisongo.