Hesabuni mikono kabla ya sura

Marafiki wakikaa kupanga riwaya ya picha ya mtandaoni, mazungumzo huanzia kwa wahusika: shujaa ni nani, ana kovu wapi, adui wake anataka nini. Ndiyo sehemu tamu ya kazi, na sioni sababu ya kumnyima mtu utamu huo. Lakini kadiri ninavyoitafakari kazi hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kitu cha kwanza kuingia kwenye daftari la mpango ni saa ambazo kila mmoja anazo kwa wiki. Hadithi itakwenda kwa mwendo wa mkono wenye kazi nzito kuliko yote, na mkono huo karibu kila mara ni wa anayepiga wino, yaani anayechora fremu kwa penseli na kuzikamilisha kwa mistari ya wino.

Tuchukue sehemu moja ya fremu 40 (fremu ni kisanduku kimoja cha picha), ya kusomwa kwa kushusha skrini. Mswada saa 4. Rasimu ndogo za kupanga fremu, saa 5. Penseli na wino, kwa dakika 40 kila fremu, karibu saa 27. Rangi, kwa dakika 20 kila fremu, zaidi ya saa 13. Maneno na viputo vya kuyabebea mazungumzo, saa 3. Mwenye wino akiwa na saa 9 kwa wiki, sehemu hiyo itamchukua wiki tatu, hata kama mwandishi ameshamaliza sura kumi mbele yake. Mkiahidi sehemu mpya kila wiki, mmeahidi kisichokuwepo. Kwa mwendo huo sehemu 12 ni wiki 36, na riwaya ya kurasa 120 inayotolewa ukurasa mmoja kwa wiki itapita miaka miwili na robo kabla ya kufika mwisho. Ni afadhali mlijue hilo siku ya kwanza, wakati hadithi bado inaweza kupunguzwa bila kuumia.

Namba zenyewe zitoke kwenye jaribio lenu. Chagueni fremu kumi: moja ya umati, moja ya ndani ya chumba, moja ya uso wa karibu, nyingine za kawaida. Zipite mikono yote hadi ziwe tayari kuwekwa mtandaoni, na kila mtu aandike dakika zake. Fremu ya umati mara nyingi humeza muda wa fremu nne au tano za mazungumzo, na mwandishi akishaliona hilo kwa macho yake huanza kuandika kwa busara zaidi. Wino ukizidi kuchelewa, punguzeni fremu hadi 28, au mandhari ya nyuma mpeni mtu mwingine. Kuongeza mpiga wino wa pili naiona kuwa dawa ya mwisho, kwa sababu mistari ya watu wawili haifanani na jicho la msomaji halidanganyiki. Ikibidi, gawanyeni kwa maana: mmoja achore wakati uliopo, mwingine achore kumbukumbu na ndoto. Hapo tofauti ya mkono inaisaidia hadithi.

Umbo la ukurasa liamuliwe mapema, maana kubadili katikati ni kuchora upya. Mkanda wa kushuka kwenye WEBTOON, jukwaa la mtandaoni la katuni, una upana wa piseli 800. Choreni kwa 1600 kisha mpunguze, ili mistari ibaki safi na mbakiwe na akiba ya ubora. Mkanda hukatwa vipande vyenye urefu wa piseli 1280, na mahali pa kukata ni kwenye nafasi tupu kati ya fremu. Ukikata usoni, kipande kikichelewa kufunguka msomaji anaona nusu ya kidevu. Ikiwa mnaota kitabu cha karatasi siku moja, choreni kurasa kamili: A5 kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) ni takriban piseli 3496 kwa 4961, ongezeni milimita 3 kila upande za kukatwa kiwandani, na maneno yakae mbali na ukingo. Mkanda mrefu hauingii kitabuni kwa kupunguzwa tu. Kila fremu itabidi ipangwe upya, na zile nafasi ndefu za ukimya kati ya fremu hupotea.

Kwenye maneno nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko vikundi vingi huharakisha. Kiputo kimoja kisipite maneno 25 hivi, na kwa Kiswahili napendelea 15 hadi 18, kwani neno letu moja hubeba sentensi nzima. “Hatukuwasikiliza” lina herufi 16. Ukilitia kwenye kiputo chembamba litavunjika, na neno lililovunjwa kwa kistari ndani ya kiputo humfanya msomaji asimame. Basi kiputo kipimwe kwa neno refu kuliko yote lililomo, na kipimwe kwenye rasimu ndogo, kabla wino haujagusa chochote. Viputo vikiachwa mwisho, vitafunika mkono uliochorwa kwa saa nzima. Anayesema kwanza akae kushoto na juu. Mchoraji akiwapanga wahusika kinyume cha mazungumzo, mikia ya viputo itapishana na hakuna ustadi wa kuinusuru.

Fonti nazo zina mtego wake. Fonti nyingi za katuni zimetengenezwa kwa herufi kubwa tupu, na zimewekewa I za aina mbili: ya vijiti juu na chini, iliyokusudiwa neno la Kiingereza la nafsi ya kwanza, na ya mstari mtupu kwa kila mahali pengine. Kwa kawaida ile ya vijiti hukaa kwenye herufi kubwa ya kibodi. Kwetu haina kazi. Mswada wa viputo uchapwe kwa herufi ndogo zote, hata mwanzoni mwa sentensi na kwenye majina, ili “ingia” na “Idi” zipate I ya kawaida. Kagueni pia ng’: kwenye baadhi ya fonti alama ile ya juu huacha pengo pana, na “ng’oa” ikasomeka kama maneno mawili. Someni leseni ya fonti. Nyingine ni bure kwa matumizi binafsi tu, na siku mtakapopokea senti ya kwanza ruhusa hiyo imekwisha. Kwenye mkanda wa piseli 800, fonti ya piseli 28 inasomeka bila taabu kwenye simu. Jaribuni kwenye simu ndogo kuliko zote mlizonazo.

Kasoro nyingi huzaliwa pale faili inapotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Mpiga wino akiacha mstari wazi hata kwa piseli mbili, rangi ya kumwaga, ile inayojaza eneo lote kwa mguso mmoja, huvuja ukurasa mzima. Ukingo wa mstari ukiwa umelainishwa, rangi huishia kabla ya kuufikia na kuacha ukungu mweupe. Tiba ni kuipanua rangi piseli moja au mbili ipite chini ya mstari. Kwa hiyo mstari, rangi, vivuli na viputo vikae kila kimoja kwenye tabaka lake ndani ya faili, na hakuna anayeyaunganisha hadi siku ya kutoa. Majina ya faili yawe ya mtindo mmoja, kama s02_f014_wino_v03. Sifuri zile zina kazi: bila hizo, baadhi ya programu huweka fremu ya 10 kabla ya fremu ya 2. Faili moja ishikwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Kila mhusika apate karatasi yake: mbele, ubavu, robo tatu, mgongo, kimo chake kando ya wenzake, na namba za rangi zake za mchana na za usiku. Kovu la upande mmoja liandikwe kwa maneno, “shavu lake la kushoto”, kwa sababu wachoraji hugeuza turubai kukagua uwiano, na kovu huhama bila mtu kuona.

Kisha makubaliano, kurasa mbili tu, yaandikwe wakati bado mnacheka pamoja. Katika nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki huzaliwa kazi inapotengenezwa, bila kusajili. Ila namna wenza wanavyoimiliki kwa pamoja hutofautiana kwa sheria za nchi. Andikeni wahusika ni wa nani, mtu akiondoka kurasa zake zinabaki au la, na kama atakayeshika nafasi yake anaruhusiwa kuchora nyuso zilezile. Andikeni kama gharama zitakatwa kabla ya mgao, na kama mgao ni sawa kwa sawa au kwa saa. Nywila za tovuti zishikwe na watu wawili. Kila hatua iwe na mwenye neno la mwisho: mwandishi kwenye mswada, mchoraji kwenye fremu. Kikundi kinachopigia kura kila nywele ya mhusika huchoka kabla ya sura ya pili.

Msifungue pazia kabla ya kuwa na sehemu nne zilizokamilika. Kwa mwendo wa wiki tatu, hizo zinawafunika kwa karibu miezi mitatu ya mafua, mitihani na kompyuta zilizokufa. Akiba ikishuka hadi sehemu moja, pumzikeni mwishoni mwa sura na mtangaze tarehe ya kurudi. Anayewekewa tarehe husubiri. Aliyeachwa katikati ya kufukuzana, bila neno, haoni sababu ya kurudi kuangalia.